Joho la Dirishani

Ukiwauliza watu wa wizara, watakwambia vyuo vipo vingi, vya serikali na vya binafsi, vyenye majengo na vyenye mabango tu. Ukimuuliza Posta, chuo ni kimoja. Wala hakukitaja kwa jina. Alisema "Chuo", basi, na kama hukuelewa alikutazama kwa huruma, akakuuliza umehamia lini.

Hakuwa mtu wa majivuno tangu mwanzo, tumtendee haki. Miaka ishirini na sita aligawa barua kwa baiskeli, na kituo chake cha mwisho kila siku kilikuwa lango la Chuo. Pale alikabidhi furushi kwa bawabu, bawabu akatia saini, naye Posta akageuza baiskeli akarudi zake. Aliwajua maprofesa kwa miandiko ya watu waliowaandikia. Alijua nani anapokea barua za ng'ambo na nani bado anaandikiwa na mama yake kila wiki. Lakini kizuizi cha lango hakuwahi kukivuka, mvua wala jua. Alipostaafu, mwezi haukuisha binti yake akapokelewa pale pale. Posta alijitwika sanduku la nguo za mtoto kichwani, akapita lango lile kwa miguu yake, na bawabu yule yule akasimama wima akampigia saluti. Tangu siku hiyo hakushikika.

Binti mwenyewe mtaa ulimwita Injinia. Jina hilo alilipata akiwa na miaka tisa, alipoifungua cherehani ya mama yake kipande kwa kipande ili aone uzi wa chini unakutana wapi na uzi wa juu. Alipoirudisha zilibaki skrubu mbili. Cherehani ikashona vizuri kuliko mwanzo, na skrubu zile zimo hadi leo ndani ya kopo la vifungo, hakuna ajuaye zilikuwa za wapi. Alikuwa mtoto wa maswali. Siku za Jumamosi baba yake alimpakia kwenye baiskeli, na zamu nzima ikawa ni kwa nini na kwa namna gani. Kwa nini stempu zina meno? Nani aliamua nyumba namba tano ikae baada ya namba tisa? Maji ya bomba yanajuaje njia ya kupanda mlima? Posta, kwa kujihami, aliweka kanuni ya maswali ishirini kwa siku. Likifika la ishirini alisema, "La mwisho hilo." Mtoto alinyamaza mpaka kona inayofuata, kisha akaanza kuhesabu upya.

Sasa Injinia alikuwa mwaka wa pili, anasomea uhandisi wa maji, na kulikuwa na jambo moja ambalo hakuwa amemwambia mtu nyumbani. Chuo hakukipenda. Si kwamba alikuwa anafeli. Alifaulu, tena bila kusuasua. Hakukipenda tu, na kila muhula ulivyokwenda alizidi kutokipenda.

Ukumbi wa mihadhara ulichukua watu mia nne, na kutoka kiti chake mhadhiri hakuzidi urefu wa kijiti cha kiberiti. Muhula wa kwanza Injinia alisimama akauliza swali. Vijana wa safu za mbele, waliotoka shule moja na waliojuana hata majina ya mbwa wa nyumbani kwao, waligeuka kutazama sauti hiyo imetoka wapi. Mmoja akacheka, wa pili akamsaidia. Mhadhiri akasema jibu liko ukurasa wa arobaini. Injinia aliusoma ukurasa wa arobaini mara tatu na jibu halikuwemo, lakini hakusimama tena. Hostelini alikaa na wenzake watatu, wasichana wazuri tu, hawakuwa na ubaya. Walimwazima pasi, wakamsifia kitambaa cha sketi, kisha wakatoka pamoja na kumwachia pasi yao. Akajifunza kucheka kicheko kifupi, kile ambacho mtu akikisikia hana haja ya kukuuliza zaidi. Siku moja, akiwa kwenye foleni ya chakula, alijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho aliuliza kitu mbele za watu. Akahesabu miezi, ikafika kumi na minne. Hapo ndipo alipoogopa kweli.

Rafiki yake wa sekondari, msichana mwembamba waliyemwita Kijiti, alikuwa anasoma kwenye chuo kingine, saa mbili kwa treni. Chuo hicho kilikuwa ubavuni mwa stesheni, majengo ya chini yaliyopakwa chokaa, na kibao cha mbele kilikuwa kimeliwa na kutu hadi kikabaki na herufi za kukisia. Hakuna mtu aliyewahi kumpigia saluti mzazi pale. Injinia alikwenda kumtembelea siku moja ya mapumziko, Kijiti akamwingiza darasani akae nyuma kama mgeni. Walikuwa thelathini na mmoja. Aliyefundisha alikuwa mama mfupi mwenye mabuti ya mpira, anazungumzia nguvu ya maji ndani ya bomba.

Injinia hakukusudia kusema kitu. Alishtukia tu sauti yake imeshatoka, anauliza kwa nini nyumba za mwisho wa bomba, zile za juu kabisa, hupata maji alfajiri tu na mchana mabomba yao hukoroma. Hakuna aliyegeuka kumkodolea macho, maana wengi walikuwa wanataka kujua vilevile. Yule mama akaweka chaki chini, akauliza nani kati yao anakaa mwisho wa bomba. Mikono mitatu ikainuka. "Twendeni nje," akasema. Wakaenda wote hadi kwenye tangi nyuma ya jiko, wakafungua koki za chini moja baada ya nyingine, huku Kijiti akiwa amesimama juu ya ngazi na ndoo, akipiga kelele kila maji yalipopungua. Injinia alilowa hadi vifundo vya miguu. Ndani ya treni ya kurudi, viatu vikilia chwi chwi, abiria wa mbele yake alimgeukia na ndipo Injinia alipotambua kuwa alikuwa anaimba.

Fomu ya uhamisho aliichukua siku hiyo hiyo kabla ya kupanda treni. Ilitaka saini ya mwanafunzi na saini ya mzazi, na ilitakiwa kurudishwa Jumatatu ya mwisho wa likizo. Aliifungia ndani ya kitabu akaja nayo nyumbani, na kwa siku nane alilala nayo chini ya mto.

Msidhani alikuwa mjinga wa kufuata furaha ya viatu vilivyolowa. Alichora mstari katikati ya karatasi, upande mmoja kubaki, upande wa pili kuhama. Upande wa kubaki ulijaa upesi. Aliandika maktaba, maana ya Chuo haina mfano, na maabara. Akaandika jina, ambalo ukilitaja kwenye usaili watu hukaa sawa vitini. Kijiti mwenyewe alimwambia asifanye masihara, kwa kuwa wao wa kule stesheni walibisha milango mitatu pale ambapo wa Chuo walifunguliwa kabla ya kubisha. Chini kabisa aliandika "Baba". Upande wa kuhama aliandika neno moja, "Niliuliza". Akalifuta, akaliandika tena. Kila alipoitazama karatasi ile upande wa kwanza ulishinda, na kila alipoikunja moyo ulikuwa mzito.

Kisha kulikuwa na lile joho.

Mama yake Injinia alikuwa fundi wa nguo, na watu wote walimwita Fundi tu, hata mumewe akiwa na haraka. Duka lake lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, na dirisha lake kubwa lilitazama barabara. Mtoto hajamaliza hata mwezi Chuoni, Posta alikuja na picha iliyokatwa gazetini, wahitimu wamejipanga ngazini, akasema anataka joho kama lile, jeusi, bitana ya kijani. Fundi alimwambia mahafali ni baada ya miaka minne. Posta akasema nguo haiozi. Basi joho likakatwa, likavalishwa sanamu la kuonyeshea nguo, lisilo na kichwa, pale dirishani, na Posta akahamishia kiti chake mlangoni. Kila asubuhi alilipangusa mabega kwa brashi. Aliyekuja kupunguza suruali aliondoka anajua Chuo kina vitivo vingapi. Kuna bibi harusi mtarajiwa aliyekuja kupimwa gauni, akasikia habari za Chuo hadi mchumba wake akapiga simu kuuliza kama ameghairi.

Hebu mfikirie Injinia. Kila aliporudi likizo, kabla hajamwona baba wala mama, alijiona mwenyewe dirishani, bila kichwa, amehitimu.

Jumamosi ya mwisho kabla ya ile Jumatatu, Posta alikuwa amekwenda sokoni kununua uzi na zipu. Fundi alimsimamisha binti juu ya kigoda katikati ya duka ampimie sketi. Sharti mjue jambo moja kuhusu Fundi akiwa kazini. Alifanya kazi na pini mdomoni, sita au saba, zimepangwa kwenye midomo, kwa hiyo hakuweza kusema kitu zaidi ya "mm". Kwa sababu hiyo watu walimwambia mambo ambayo hawakumwambia mtu mwingine. Ndoa zilizokwama, wakwe, vidonda vya tumbo, yote aliyapokea akiwa amepiga magoti kwenye pindo. Hakuna aliyejua kama ni uungwana au ni pini.

"Mama," Injinia alisema, akitazama ukuta, "sitaki kurudi Chuo."

"Mm," akasema Fundi, akachomeka pini.

Basi yakamtoka. Ukumbi, ukurasa wa arobaini, pasi, foleni ya chakula, yule mama wa mabuti, tangi, fomu chini ya mto. Alieleza hadi pini zikaisha. Fundi aliinuka, akajinyoosha mgongo, akaenda kwenye droo akatoa daftari lake la vipimo. Kila mteja alikuwa na ukurasa wake, na Injinia alikuwa na kurasa kumi na tatu, tangu sketi ya kwanza ya shule. Akaweka kidole kwenye mistari mitatu ya mwisho. Kiuno ishirini na nane, kisha ishirini na sita, na leo ishirini na nne na nusu.

"Likizo ya kwanza nilisema ni chakula cha hosteli," akasema. "Ya pili nikaanza kukusikiliza. Leo una siku nane hapa nyumbani, na hujaniuliza hata sindano iko wapi."

Injinia alishuka kwenye kigoda, akakaa juu yake. Alisema anachoogopa si watu wala si kazi. "Baba aliingia lile lango kwa sababu yangu, Mama. Nikitoka, nitakuwa nimemtoa na yeye."

Machozi yalikuwa karibu, wala hakuyaficha. Fundi hakumbembeleza, haikuwa tabia yake. Alikwenda dirishani, akalivua sanamu lile joho, akaja nalo hadi kwenye meza ya kukatia na kuligeuza ndani nje. Injinia akatazama. Kutoka begani hadi kwenye pindo, badala ya mshono wa cherehani, kulikuwa na uzi mweupe wa mkono, hatua ndefu ndefu, ule wa kushikiza tu. Mafundi huuita bandi. Hupigwa ili mwenye nguo aijaribu kwanza, aketi, ainue mikono, ageuke. Ikikaa vizuri ndipo hupitishwa mashineni, isipokaa uzi huvutwa na kitambaa hakibaki hata na alama.

"Hili halijaiona cherehani," Fundi alisema. "Sijawahi kushona nguo ya mtu ambaye hajaijaribu, na wewe hata siku moja hukuniomba kulijaribu. Baba yako alitaka joho. Hakuniuliza nimelishonaje."

Mwaka na nusu mtaa mzima ulikuwa unalistaajabia vazi ambalo upepo wa mlangoni ungeweza kulitenganisha. Injinia alicheka, si kile kicheko kifupi, bali kile chake cha zamani, cha kushika mbavu. Mama yake alisubiri amalize. Kisha akaitafuta ncha ya uzi chini ya ukosi, akaiweka kwenye kiganja cha binti.

"Ukibaki, nalipitisha mashineni leo leo, na sitasema kitu. Ukienda, uzi ndio huo. Lakini baba yako utamwambia mwenyewe. Mimi nina kazi." Akachota pini nyingine kwenye kopo, akazipanga mdomoni.

Mlango ukafunguka. Posta aliingia na furushi la nyuzi na mteja aliyemwokota njiani, mtu mnene mwenye koti la kutia viraka, naye Posta, akimsimulia Chuo, alikuwa ameshafika kwenye vitivo. Alinyoosha mkono kuelekea dirishani bila kutazama. "Na joho lenyewe ndilo lile," akasema, kisha akatazama. Sanamu lilikuwa uchi. Mteja, mtu mwenye akili zake, aliangalia nyuso tatu zile, akasema atarudi wiki ijayo.

Injinia alimwambia baba yake akiwa amesimama, ncha ya uzi mkononi, na alimwambia yote kwa mpango uleule. Posta aliketi. Alivua kofia, akaivaa, akaivua. Aliuliza kama kuna mtu anamsumbua, amtaje. Aliuliza kama ni chakula. Alisema watu watasema amefukuzwa. Aliwataja watu wanne wakubwa waliotoka kwenye lango lile, akataja na bawabu, na sauti ikaanza kupanda. Injinia aliendelea taratibu, akafika kwenye darasa la kule stesheni, akasema pale aliuliza swali.

"Swali gani?" Posta akakatiza.

Akalitaja. Barua za nyumba zile za juu Posta alizipeleka miaka yote ile, akikwepa mapipa yaliyopangwa vibarazani, na hakuwahi kujua kwa nini. "Wakajibu nini?"

Injinia alichukua chaki ya mama yake akachora juu ya meza ya kukatia: tangi, bomba kuu, matawi, nyumba za chini zinazofungua koki asubuhi na nyumba za juu zinazosubiri. Posta alisogeza kiti. Akauliza je, wakiongeza bomba la pili? Injinia akamwonyesha. Je, tangi likipandishwa? Akafuta, akachora upya. Chaki ilikuwa fupi kama jino walipofika kwenye mtaa wao wenyewe, na wote wawili walikuwa wameinama, vichwa vinagongana. Fundi aliwatazama kutoka pembeni na pini zake, hakusema mm wala nini.

"Na hili," Posta akauliza, akipangusa vumbi la chaki mikononi, "kule Chuoni ulipowauliza walisemaje?"

"Chuoni siulizi, Baba."

"Hata moja?"

"Moja, muhula wa kwanza. Walicheka."

Posta aliitazama michoro ile. Jibu lile lilimwuma, na lilimwuma mahali ambapo hakupatarajia. Alikuwa tayari kutetea jina la Chuo hadi jioni, si hili. Alimkumbuka yule mtoto wa kwenye baiskeli.

"Mimi nilikuwa nakukatiza kwenye la ishirini," akasema. "Amua wewe, mwanangu. Mimi lango lile nimeshaliingia. Hakuna wa kunitoa."

Injinia alivuta. Uzi ulitoka kwa urahisi, mrefu, mweupe, haukwisha leo wala kesho. Bega likaachia, mkono wa joho ukaanguka mezani juu ya tangi na mabomba, ukosi ukafunguka, bitana ya kijani ikateleza hadi sakafuni. Posta aliidaka. Aliishika, akauchunguza ukingo wake, akautafuta mshono na asiuone, akamgeukia mkewe polepole.

"Muda wote huo lilikuwa hivi?"

"Mm," akasema Fundi.

Fomu Posta aliitia saini palepale, lakini kabla ya kuirudisha aliisoma mbele na nyuma, maana kazi haimtoki mtu kwa kustaafu, akagundua anwani ya kule stesheni haina namba ya sanduku. Akaijaza mwenyewe kwa kichwa. Akasema fomu hiyo hataiamini mikononi mwa mtu, ataipeleka.

Jumatatu asubuhi walitoka pamoja, baba na binti. Muuza nyama aliyekuwa anafungua duka lake aliona dirisha tupu, akauliza joho limekwenda wapi. Injinia alibana pumzi. Posta, ambaye kwa swali kama hilo angesimama nusu saa, hakupunguza hata mwendo.

"Tumelifumua," alisema. "Mwenyewe bado anakua."

Kwenye treni alimpa binti kiti cha dirishani. Walipita maghala, wakapita daraja, wakaingia kwenye mashamba. Injinia alikuwa amegandamiza paji la uso kiooni, anatazama chini, kule reli za pembeni zinakokimbia.

"Baba, kwa nini kati ya kipande kimoja cha reli na kingine wameacha nafasi?"

Posta hakujua. Alisogea karibu, akainama naye dirishani ili waone vizuri.

"La kwanza hilo," akasema.